TMA wanapimaje hali ya hewa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mvua zikianza maswali ni yaleyale, mengine ya kweli, mengine ya kejeli tu, kwaiyo nimeyakusanya hapa na majibu yake. Nazungumzia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yani TMA, ila mengi utayakuta pia Kenya na Uganda mana zamani tulikuwa chombo kimoja.

TMA wameanza lini?

Inategemea unahesabia wapi. Vipimo vyenyewe ni vya tangu enzi za Mjerumani, miaka ya 1890 huko. Waingereza wakaja kuanzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki nzima mwaka 1929, makao yake Nairobi, ikaendelea mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila nchi ikabaki na vyake. Kwetu ikawa idara ya serikali, mwaka 1999 ikawa Wakala, na sheria ya 2019 ikaifanya Mamlaka. Watu wa Zanzibar msiulize "na sisi je", utabiri wa hali ya hewa upo kwenye orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba, kwaiyo ni chombo hichohicho kimoja bara na visiwani.

Kwanini ipo chini ya Wizara ya Uchukuzi na sio Kilimo?

Sababu ya ndege. Hali ya hewa duniani kote imekua pamoja na usafiri wa anga, rubani hapai bila taarifa ya uwanja anaoenda, na ndo mana vituo vyenye watu masaa 24 wengi wao wako viwanja vya ndege. Mkulima ni mteja mkubwa kwa idadi lakini anayegonga mlango kila nusu saa ni rubani.

Hivi kuna mtu kabisa anaenda kuangalia mvua, au ni kompyuta?

Mtu yupo. Hili ndo jibu linaloshangaza wengi. Kwenye kituo kamili kuna kiwanja cha majani kimezungushiwa uzio, ndani kuna kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za louva kama dirisha la choo, kimesimama kwa miguu ili vipimajoto vikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kimepakwa nyeupe ili kisinyonye jua, na louva ni ili hewa ipite bila mwanga kuingia. Kwa sisi tulio karibu na ikweta kuna kimbembe cha ziada, mwezi wa sita jua liko kaskazini na mwezi wa kumi na mbili liko kusini, kwaiyo mlango mmoja hautoshi, ukiufungua vibaya jua linapiga vipimajoto moja kwa moja, ndo mana vibanda vingine vya ukanda huu vina milango miwili.

Ndani kuna vipimajoto vinne. Kimoja cha kawaida. Cha pili kimefungwa kitambaa kinacholowekwa maji, maji yakikauka yanapoza kipimajoto, na tofauti kati ya hivyo viwili ndo inakupa unyevunyevu wa hewa. Cha tatu kinashikilia joto la juu kabisa la siku na cha nne joto la chini kabisa la usiku. Mpimaji anasoma, anaandika kwenye daftari, kisha anavirudisha upya vile viwili vya mwisho, asipofanya hivo kesho atasoma joto la jana.

Vipimajoto vya zebaki vinaondoka taratibu kwa sababu Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa zebaki, umezuia utengenezaji na biashara yake tangu 2020, kwaiyo vya kidijitali vinaingia tutake tusitake.

Wanapima saa ngapi?

Vituo vikubwa kila masaa matatu, kwa saa moja dunia nzima: saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu asubuhi na kuendelea kwa saa zetu. Kituo cha Songea na kituo cha Siberia vinapima kwa wakati mmoja, mmoja huko kwake ni mchana mwingine usiku haijalishi, lengo ni kupata picha moja ya anga lote kwa pamoja. Data zinarushwa kwenye mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, na dakika chache baadae mtu wa Tokyo anazo.

Mvua yenyewe inasomwa saa tatu asubuhi. Kwaiyo ukisikia "mvua iliyonyesha ndani ya masaa 24 hadi saa tatu asubuhi leo" ndo hiyo, mvua ya jana jioni na ya usiku zote zimo humo.

Milimita 50 za mvua ni nyingi kiasi gani? Mbona milimita 50 ni kama vidole viwili tu?

Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Sasa chukua bati la nyumba ya mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50 ni lita 5,000, tenki kubwa la Simtank limejaa, na hilo ni bati lako peke yako, weka mabati ya Manzese nzima na barabara za lami na maegesho yaliyomwagwa zege halafu uulize kwanini Jangwani imejaa. TMA wao mvua inayozidi milimita 50 ndani ya masaa 24 ndo wanaiita mvua kubwa.

Chombo chenyewe hakina maajabu. Ni silinda ya chuma yenye mdomo wa inchi 5, ukingo wake mkali kama kisu ili tone likiangukia pembeni ligawanyike vizuri, ndani kuna faneli na chupa. Unamimina kwenye kopo la kupimia la kioo, unaliweka usawa wa macho, unasoma sehemu ya chini ya ule mviringo wa maji sio pembeni yanapopanda. Mvua isiyofika 0.1 milimita nayo inaandikwa, kwamba ilinyesha ila haipimiki. Na siku ya kavu unaandika sifuri, hauachi wazi, mana pakiwa wazi aje mtu baada ya miaka 40 hatojua kama hakukuwa na mvua au mpimaji alikuwa msibani.

Ile mitambo inayojipima yenyewe si ingetosha?

Inasaidia sana, inatuma kila baada ya dakika kadhaa na inakaa sehemu ambayo hakuna mtu atakubali kukaa. Ila nayo ina mambo yake. Kipimamvua chake ni kijiko cha mizani kinachopinduka kila kikipata mvua kidogo, kawaida 0.2 milimita, buibui akijenga humo au jani likaziba tundu mtambo unaripoti ukame wakati watu wanaogelea. Paneli ya sola ikiibwa kimya, salio la data likiisha kimya. Maoni yangu, kuibadilisha mikono ya watu yote kwa mkupuo ni kosa, mitambo miwili ya zamani na mpya inatakiwa iende pamoja kwanza kwa muda mrefu, la sivyo utakuja kuona joto limepanda nusu nyuzi mwaka fulani ukasema tabianchi kumbe ni kipimajoto kipya.

Mawingu nayo wanapima?

Kwa macho. Anga linagawanywa mafungu nane, mpimaji anasema mangapi yamefunikwa, ni mawingu ya aina gani na yako juu kiasi gani. Kuna viwanja vina vifaa vya miale ya leza vya kupima kimo cha wingu ila jicho la mtu aliyezoea bado ni mali.

Jua pia linapimwa, hiki ndo chombo ninachokipenda kuliko vyote: mpira wa kioo kama wa mganga umekaa juu ya karatasi ngumu, jua likiwaka mpira unakusanya miale na kuchoma mstari kwenye karatasi, wingu likipita mstari unakatika. Jioni unapima urefu wa palipoungua, hayo ndo masaa ya jua ya siku hiyo. Hauhitaji umeme wala bando.

Na huko juu angani?

Puto. Linajazwa gesi, linafungiwa kiboksi chenye sensa za joto, unyevu na mgandamizo, linapanda mpaka kilomita 30 hivi huku linatuma data kwa redio, na upepo unajulikana kwa kufuatilia linavyosukumwa, halafu linapasuka. Kwa utaratibu wa dunia yanarushwa saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu. Ni kitu cha gharama, kila kurusha kifaa kimepotea, ndo mana Afrika ina vituo vichache mno vya puto ukilinganisha na Ulaya, na hilo pengo linaonekana kwenye ubora wa utabiri wetu.

Juu zaidi kuna satelaiti za Meteosat za Wazungu kilomita 36,000 kutoka ardhini, picha ya bara zima kila robo saa. Na chini kuna rada, Dar es Salaam na Mwanza ndo zilitangulia kisha Mtwara, Kigoma na Mbeya. Rada inarusha mawimbi, yakigonga matone yanarudi, kwaiyo unaona mvua ilipo sasa hivi na inaelekea wapi. Ila milima inaikinga, na ukienda mbali miale yake inapita juu ya mvua.

Nimeona maandishi ya ajabu ya uwanja wa ndege, yanasomwaje?

Haya tuchukue mfano mmoja:

HTDA 140600Z 04008KT 9999 FEW020 30/24 Q1012

HTDA ni uwanja wa Julius Nyerere, Dar. 140600Z ni tarehe 14, 06:00 kwa saa ya dunia, ongeza masaa matatu unapata 09:00, yani saa tatu asubuhi yetu. 04008KT upepo unatoka nyuzi 40, kaskazini mashariki, kasi noti 8, yani kaskazi ya kawaida ya Januari. 9999 unaona kilomita 10 au zaidi. FEW020 vipande vichache vya mawingu futi 2,000. 30/24 joto ni 30 na umande ungeanza kujitengeneza hewa ikipoa mpaka 24, hizi namba zikikaribiana ndo ile shati inagandia mgongoni. Q1012 mgandamizo wa hewa, rubani anautumia kuseti kipimakimo chake, na akiseti vibaya anaweza kudhani yuko juu kuliko alivyo. Ukishazoea unasoma kama meseji.

Sasa kama wana vyote hivyo kwanini wanasema mvua na hainyeshi?

Hapa tutulie kidogo.

Kwanza sikiliza walichosema. "Mvua na ngurumo kwenye maeneo machache" maana yake sehemu kubwa ya mkoa haitapata. Mtangazaji akifupisha, na kijana wa kupost akifupisha tena, inakuwa "TMA: Mvua kesho Dar", ikanyesha Mbagala ikaacha Tegeta, wa Tegeta anatukana. Kosa hapo sio la mtabiri.

Pili, mvua zetu ni za kitropiki. Ulaya mvua nyingi zinakuja na mfumo mkubwa wa mamia ya kilomita unaouona siku tatu kabla unatembea kutoka baharini. Kwetu wingu la radi lina upana wa kilomita chache, linazaliwa saa nane mchana na saa kumi limekufa. Modeli za kompyuta zinakata dunia vipande vya mraba, ile maarufu ya Ulaya, ECMWF, vipande vyake ni kilomita 9 hivi, kwaiyo wingu zima linaweza kukaa ndani ya kipande kimoja na modeli isilione vizuri. TMA wanaendesha pia modeli yenye vipande vidogo zaidi kwa eneo letu, WRF, ila na yenyewe inaanza na data za vituo, na vituo vikiwa vichache inaanza ikiwa imeshapotea.

Tatu, maeneo mengine yana tabia zake. Ziwa Victoria usiku maji yanakuwa na joto kuliko nchi kavu, upepo wa pande zote unavuma kuingia ziwani, unakutana katikati hauna pa kwenda unapanda juu, ndo radi za alfajiri zinazowatesa wavuvi. Mchana kinyume chake, mvua inahamia nchi kavu. Anayetabiri Mwanza bila kujua hilo hatabiri kitu.

Utabiri wa masaa 24 ni mzuri, wa siku tano unasaidia, wa siku 14 kwenye app ya simu yenye alama ya kijiwingu saa kumi jioni ya Jumanne ijayo, huo ni urembo.

Angalizo, tahadhari, kipi kikubwa?

Angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwa baharini utasikia sana upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na mwenye ngalawa asidharau mita 2 kwa sababu meli ya Azam imeondoka.

Wanasema "mvua za wastani", wastani wa nini?

Wa miaka 30 ya hapohapo ulipo. Sasa hivi kipindi kinachotumika duniani ni 1991 mpaka 2020. Kama vuli ya kwenu wastani wake ni milimita 200, basi kati ya 150 na 250 ni wastani (asilimia 75 hadi 125), chini ya hapo ni chini ya wastani, juu ni juu. Kwaiyo "wastani" ya Dodoma ingekuwa ukame Bukoba.

Lakini jumla inadanganya. Milimita 200 zikishuka siku nne halafu kukawa na jua wiki tano, kwenye takwimu msimu ni mzuri na kwenye shamba mahindi yamekufa. Ndo mana mkulima asiishie kwenye lile neno moja, aangalie mvua zinaanza lini, zinaisha lini na vipindi virefu vya ukavu vinategemewa wapi, hayo yote yamo kwenye taarifa ya msimu.

Na ujue uko upande upi wa nchi. Pwani ya kaskazini, Kilimanjaro na Arusha, na Kanda ya Ziwa wana misimu miwili, vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Magharibi, kati, nyanda za juu kusini na kusini wana mmoja tu, Novemba hadi Aprili, wenyewe wanauita Msimu. Kila mwaka kuna mtu wa Iringa analalamika vuli haijafika.

El Niño ni nini na kwanini inakosea?

Ni joto la Bahari ya Pasifiki kupanda upande wa ikweta, linavuruga mizunguko ya hewa mpaka huku. Kwetu mara nyingi inaongeza mvua za vuli. Lakini jirani yetu ni Bahari ya Hindi na ndo yenye sauti kubwa zaidi: upande wetu ukiwa wa moto na upande wa Indonesia umepoa, mvua zinakuja kwa fujo. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, wakubwa wote wanaikumbuka. 2019 hakukuwa na El Niño ya maana ila Bahari ya Hindi ilichemka na vuli ikapitiliza. 2023 vilikutana tena, na Desemba 3 yakatokea maporomoko ya Hanang. Kwaiyo ukisikia El Niño usikimbilie kuhitimisha, uliza na Bahari ya Hindi ikoje.

Utabiri huu wa msimu hautoki kwa TMA peke yao, wataalamu wa nchi za Pembe na Mashariki ya Afrika wanakutana kabla ya kila msimu chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani, kilichopo Kenya, wanakubaliana picha ya ukanda kisha kila nchi inaenda kuchambua kwake kwa undani.

Kimbunga kinaweza kutupiga kweli? Si tuko karibu na ikweta?

Kuwa karibu na ikweta kunatusaidia, nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga huku ni ndogo, vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Vingi sio vyote. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu na minazi ya Unguja ikalala chini. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na Mei 2024 Hidaya ikaingia pande za Mafia na Kilwa, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika Somanga. Ule wa 2021, Jobo, ulikufa nguvu kabla haujafika, watu wakacheka. Kwa ukanda huu kituo kinachofuatilia vimbunga kiko kisiwa cha La Réunion, TMA wanachukua taarifa zao na kuunganisha na za hapa.

Mabadiliko ya tabianchi yanaonekana kwenye daftari au ni maneno ya semina?

Joto linaonekana wazi. 2024 ndo mwaka wa joto kuliko yote dunia nzima tangu vipimo vianze, karibu nyuzi 1.55 juu ya kabla ya viwanda kwa hesabu za WMO, na barafu ya Kilimanjaro iliyochorwa ramani mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 yake imeshaondoka.

Mvua ndo ngumu. Masika ya Afrika Mashariki ilipungua kuanzia miaka ya 1980 mpaka karibu 2010, wakati modeli nyingi zinasema huko mbele tutapata mvua nyingi zaidi, na wanasayansi bado wanavutana kwanini. Huwezi kumaliza huo ubishi bila rekodi ndefu zisizo na mapengo, ndo mana kuna kazi ya kuchukua makaratasi ya zamani, mengine ya enzi za mkoloni, ya misheni na mashamba ya mkonge na chai, kuyapiga picha na kuingiza namba moja moja kwenye kompyuta. Pasipo na kituo wanachanganya data za vituo vya karibu na makadirio ya satelaiti. Na kila namba inakaguliwa: joto la chini haliwezi kuzidi la juu, kituo hakiwezi kuwa na milimita 90 wakati majirani zake watano wana sifuri, mti wa mwembe ulioota pembeni ya kibanda unaandikwa.

Naweza kupata data za mkoa wangu?

Unaomba TMA, na kuna ada kutegemea unachotaka. Kama ni utafiti wa chuo uwe na barua mkononi. Binafsi naona data za mvua za zamani zingekuwa bure tungepata faida kubwa kuliko hizo ada, ila hayo ni yangu. Kingine, kujitangazia utabiri wako mwenyewe kwa umma bila kibali sheria ya 2019 hairuhusu, kwaiyo manabii wa WhatsApp mkae mkao huo.

Wazee wanaosoma mvua kwa miti na ndege je?

Hawadharauliwi. Watafiti wa hali ya hewa wenyewe wameenda nyanda za juu kusini kurekodi dalili wanazotumia wakulima, na Kenya kuna watu wa Nganyi kule magharibi wamekuwa wakikaa na wataalamu wa idara yao kulinganisha utabiri. Shida ni moja tu, miti ikikatwa na ndege wakihama, dalili zinaondoka nao.

Nataka kipimamvua shuleni kwetu, nianzie wapi?

Ongea na ofisi ya TMA iliyo karibu nawe, vituo vingi vya mvua nchini vimeshikiliwa na shule, misheni na mashamba tangu zamani, wala sio jambo geni. Kiweke pa wazi, kama kuna mti au jengo kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Sio juu ya bati, sio chini ya mwembe, sio karibu na bomba la kumwagilia. Chagueni watu wawili wa kupokezana hasa likizo. Someni saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili na Idi zimo. Na kama kipimo hakikusomwa siku tatu mkakuta chupa ina maji, andikeni jumla na mseme ni ya siku tatu, msiigawe kwa tatu.